Zulia la Tandiko la Kalbali

Kwetu Wakashkai, wafugaji wa kuhamahama wa Uajemi, mwanamume haendi kumchukua bibi harusi juu ya tandiko tupu. Lazima binti amfumie zulia la kulifunika, na lisipoenea, posa inavunjika. Ndicho tulichokitaka mimi na Golandamu, binti wa kaka yangu.

Huyo Kalbali aliyemposa, jamani, majivuno! Farasi wangu hivi, farasi wangu vile. Siku ya posa hakumuuliza mtoto wa watu hata hali.

"Shangazi, mimi siolewi nikawa wa pili kwa farasi," Golandamu akaniambia.

"Tulia," nikamjibu. Kazi ya kupima ilikuwa yangu. Nikachukua uzi, nikaufunga mafundo, ila badala ya tandiko la farasi wake nikapima la punda wetu wa kubebea maji. Msinione mwema. Macho yangu yamekwisha, na bila vidole vya yule binti mtambo wangu wa kufumia ungebaki wa kuanikia nguo. Nilitaka abaki, basi.

Akafuma miezi mitatu. Sufu nyekundu, ndege kwenye pembe, na mpasuo wa kupitisha kichwa cha tandiko, ile nundu ya mbele. Lilikuwa zuri mpaka nikaona wivu.

Siku ya harusi, mazumari yanalia, Kalbali akalitandika juu ya farasi wake, pale kambini kwetu. Halikufika hata nusu. Mama yake akalivuta, akalivuta, jasho likamtoka.

"Mama, acha, utalichana," Kalbali akasema. Akalipima kwa shubiri, kisha akamtazama punda wetu.

"Huyo wa nani?"

"Wetu. Kwani vipi?" nikamjibu.

Akalitandika juu ya punda. Likakaa sawasawa. Watu wakaangua kicheko, nami nikangoja atukane, arudi kwao. Wapi! Mwanamume akapanda. Miguu inaburuta vumbi, akaja hadi kwenye hema letu.

"Golandamu! Nimejivuna sana, nimekoma. Utatoka, au nirudi na punda wa watu?"

Mle ndani nikasikia kicheko cha Golandamu, kile cha kushika mbavu, ambacho sikuwa nimekisikia tangu mama yake afe.

"We! Usicheke!" nikaingia nikamnong'oneza.

"Shangazi," akasema, anafuta machozi, "nipe ushungi wangu."

Nikampa. Nilikuwa na hasira, na nikamfunga mimi mwenyewe, vizuri, usije ukamdondoka njiani.