Mpini wa Pembe

Fundi bomba mmoja, mwanamke mwenye mikono mipana na maneno machache, alichoka kubeba kisu cha jikoni kazini. Alikuwa akikizungushia kitambaa na kukitia mfukoni. Kikatoboa kitambaa, kikatoboa suruali, mwisho kikamchana paja. Hapo akaamua kutengeneza kisu cha kukunja kwa mkono wake mwenyewe, ingawa hakuwa amewahi kutengeneza hata mwiko.

Vifaa alivichagua kwa raha zake. Jirani alimpa tupa kuukuu aichonge iwe bapa la kisu; aliigonga pembeni ikamegeka kama kigae, akamrudishia. Akachukua msumeno wa seremala uliokwisha meno, akaupinda, ukanyooka wenyewe. Huo aliupenda. Ulitosha kutoa bapa na springi ya mgongoni, ile inayolizuia bapa lisimkunjikie mtu vidoleni. Pini ya katikati aliichonga kutoka kwenye koki mbovu ya shaba, maana koki mbovu kwake zilikuwa tele.

Ukabaki mpini. Mume wa mdogo wake, mwenye bucha, alipopata habari akasema, "Shemeji, mpini wa kisu ni pembe. Niachie mimi."

Aliileta wakati fundi yuko kazini, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji uani, akafunika, akaenda zake. Pembe ina mfupa ndani, na mfupa hautoki mpaka kinachoushikilia kioze. Hilo hakumwambia mtu.

Fundi huyu alizoea kuzamisha mkono kwenye bomba la maji machafu, akatoa fundo la nywele linaloteleza kama konokono, akanawa, akala. Lakini siku alipoufuata uvundo mpaka uani na kufunua ndoo ile, alirudi nyuma. Maji yalikuwa ya kijivu, mazito, yametanda mafuta juu, na funza walikuwa wakipanda ukingoni. Harufu ilimshuka kooni ikaganda hapo. Akampigia shemeji yake simu aje aondoe uchafu wake.

Shemeji alikuja akicheka. Alizamisha mkono mtupu, akaibamiza pembe ukutani, mfupa ukachomoka na ute mweusi.

"Ona ilivyo nzuri," alisema, akiifuta kwenye suruali yake. "Na huyu ng'ombe hakutusumbua hata kidogo. Tulimkuta ameshakufa."

"Ameshakufa vipi?"

"Amekufa tu, zizini. Tumbo limeanza kujaa. Nikamwahi na kisu shingoni, ionekane amechinjwa."

"Nyama yake ulitupa wapi?"

Akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Nitupe? Shemeji, si mliila kwangu Jumapili ile? Wewe mwenyewe ulisifia mchuzi."

Fundi alikumbuka mafuta ya mchuzi ule midomoni, na jinsi alivyomwongezea mama yake mzee kipande laini. Akatapika palepale, kando ya ndoo. Shemeji akamletea maji kwa mkono uleule. Aliyakataa.

"Chukua pembe yako utoke," alimwambia.

Asubuhi alikwenda kwa bwana afya wa soko na kueleza alichoambiwa. Bwana afya akaenda kufungua jokofu la bucha, akatoka ameziba pua kwa kiwiko. Mlango ukapigwa kufuli siku hiyohiyo.

Mdogo wake alifika jioni, macho mekundu.

"Dada, ungeniambia mimi kwanza. Tungeyamaliza nyumbani."

"Ulijua?"

Mdogo wake akashughulika na ncha ya kanga.

"Jumapili ile hukugusa nyama," fundi alisema polepole. "Ulisema una kiungulia. Ukala mboga."

"Ni mume wangu. Ningesema nini mbele ya watu?"

"Mama alikuwa amekaa karibu yako. Ulimsogezea bakuli."

Kwa kile kinyaa cha ndoo, maji na sabuni vilikuwa vimesaidia. Hiki kilikuwa cha aina nyingine. Aliutazama mkono wa mdogo wake, mkono aliouosha wakiwa watoto, akashindwa kuushika. Mdogo wake akaondoka bila kuaga.

Mpini ukawa wa bomba la plastiki. Alilichana kwa urefu, akalipasha moto hadi likalegea, akalibana kati ya mbao mbili likawa tambarare. Seremala alipouona alisema ni kisu kibaya kuliko vyote alivyowahi kuona.

"Hakinywi maji, hakishiki harufu," fundi alimjibu. "Nakiosha, kinatakata."

Kinafunguka kwa shida kidogo, lakini kinakata. Mama hakudhurika na nyama ile, na hakuna aliyemweleza. Kila Jumapili huuliza mbona hawaendi tena kula kwa mdogo mtu, na fundi humjibu kwamba kazi zimemzidi.