Keki ya Sumaku Kali

Pale taasisi ya elimu ya nyota mjini Bonn, anayeshindwa hoja huoka keki. Ndiyo maana Wiebke aliingia chumba cha kahawa na keki ya plamu mkononi, uso umemshuka.

Kwa miaka minne alikuwa akibishana na Ottmar, mzee wa darubini za redio. Ottmar alishikilia kwamba sumaku inayolizingira shimo jeusi ni dhaifu, gesi inayozunguka huiburuta itakavyo. Wiebke alisema la, sumaku ni kali, ndiyo inayoikaba gesi. Kompyuta yake ilionyesha kwamba sumaku ikiwa kali, mistari yake hujipinda kushoto; ikiwa dhaifu, kulia. Jana alichukua vipimo vya Ottmar, akavichora mwenyewe, mistari ikajipinda kulia. Maji yakazidi unga. Utafiti wake wote wa shahada ya udaktari ulikuwa umemezwa na shimo ambalo hata hajawahi kuliona.

“Umetia mdalasini,” alisema Ottmar, mdomo umejaa. “Kushindwa kunakufaa, binti. Ungeanza mapema.”

“Kula kimya, Ottmar. Picha ile pale ukutani, furahi nayo.”

Ottmar akageuka kuitazama. Akaacha kutafuna. Kisha akaanza tena, polepole mno.

“Nani kachora hii?”

“Mimi. Namba ni zako.”

“Mashariki umeiweka wapi?”

“Kulia. Mashariki si huwa kulia?”

“Kwenye ramani ya Bonn, sawa. Kwani wewe mbingu unaitazama ukiwa wapi, umekaa juu yake na Mungu? Sisi wengine tuko huku chini. Kwenye ramani ya mbingu, kaskazini juu, mashariki kushoto.”

Masikio yalimwaka Wiebke. Hilo hufundishwa mwaka wa kwanza, lakini mtu wa kompyuta hutazama juu taa ikiungua tu. Akaibandua picha, akaigeuza, akaibana kwenye kioo cha dirisha mwanga upenye. Mistari ikajipinda kushoto, sawasawa na ile ya kompyuta yake. Machozi yalimlenga, akajikuta anacheka.

“Ungeweza kunyamaza,” alimwambia Ottmar.

“Nilifikiria. Pale nilipokuwa natafuna.”

Wiebke alimpenda sana mzee yule dakika ile. Kisha akaivuta sahani upande wake.

“Basi weka uma chini. Keki hii si yako tena. Yako tutaila Ijumaa.”

“Sijui kuoka.”

“Utajifunza. Mimi nimejifunza mashariki iko wapi.”