Nifunge na Nyuma

Kang'! Kijiko kilianguka kwenye simiti. Jiko lilikuwa giza totoro, jogoo wa pili hajawika. Wamboi aliinama kukiokota, vidole vya mkono wa kulia vikakataa kukunjika. Hapo akajua kwamba kichwa kilichokuwa kikimgonga wiki mbili nzima hakikuwa malaria.

Daktari wa Kitale hakuzunguka mbuyu. "Naogopa damu imeganda ubongoni. Nenda Bungoma leo hii upigwe picha ya CT. Najua una mimba ya miezi sita, lakini tukichelewa tutawapoteza nyote wawili."

Saa saba mchana alikuwa kwenye benchi la kliniki huko Bungoma, mwanawe Ian wa miaka minne ubavuni. Mama mkwe wake, Dinah, alikuwa amefika mbio kutoka Kibabii na leso yake na hasira zake.

"Ati unaenda kuchoma mjukuu wangu na stima?" Benchi zima likageuka. "Roselyne wa Tongaren si alipigwa hiyo kitu, mimba ikatoka?"

"Roselyne aligongwa na lori, Mama. Lori ndiyo ilitoa mimba."

"Masomo ya jioni imekufanya daktari!"

"Imenifundisha kuuliza tu."

Khaemba, mpiga picha, akatokea na fomu. "Mzee ako wapi aweke sahihi?"

"Wakhungu yuko kazini Mombasa. Kichwa ni changu. Lete kalamu."

Aliandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zililala kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe, lakini jina aliliandika lote.

Ndani, Khaemba alimlaza, akamtandikia tumboni aproni nzito ya madini ya risasi, kama alivyozoea kwa eksirei ya kifua.

"Hii mashine inapiga kutoka upande gani?"

"Inazunguka kichwa chote."

"Sasa mbona umefunika mbele peke yake? Nifunge na nyuma."

Khaemba akacheka. "Mama Ian, nikwambie ukweli. Miale inaenda kichwani. Inayofika kwa mtoto ni kidogo mno, na hiyo inapitia ndani ya mwili wako. Aproni haitaizuia."

"Nimekuelewa, na nimefurahi. Nifunge."

"Lakini siku zote tunaweka hivi."

"Siku zote sikuwa hapa."

Khaemba akaenda kuleta aproni ya pili.

Jioni daktari wa kliniki aliwaonyesha doa jeupe kwenye picha. Damu ilikuwa imeganda kweli, ila walikuwa wamewahi. Sindano zingeanza usiku huohuo, na dawa yake haimfikii mtoto.

Dinah alikunja leso, akaikunjua. "Na akizaliwa na kasoro?"

"Atakuwa wangu, Mama. Na atanikuta hai."

Ian alikuwa ameegemea tumbo la mamake, sikio limebanwa pale. Mara akaruka nyuma, akamtazama nyanya yake.

"Kukhu, amenipiga teke."