Macho Makavu

Watu wanafikiri mwandishi wa riwaya za mauaji ana akili za kuwasoma binadamu. Jamani, thubutu. Nimekuwa karani wa Wakili tangu nikiwa msichana, nimemchapia hoja za mahakamani na riwaya zake zote, na nawaambia ukweli: yule mpelelezi wake wa vitabuni anatatua kesi kwa kuangalia matope ya viatu, lakini yeye mwenyewe anatafuta miwani ofisi nzima na kumbe ameivaa. Kinyozi hajinyoi.

Alianza kuandika kwa kukosa wateja. Wakili mchanga, chumba cha kupanga juu ya duka la viatu, meza moja, viti viwili, mteja hakuna. Angefanya nini, ahesabu nzi? Akaandika. Kitabu cha kwanza kikapendwa, na wateja wakaanza kupanda ngazi, wengine wakiuliza kama yule mpelelezi naye yupo. Nilikuwa nawajibu ametoka kidogo.

Msomaji wake wa kwanza alikuwa mkewe. Mama yule, Mungu amrehemu, alikuwa akipewa kurasa pamoja na kikombe cha chai, na kabla chai haijapoa keshamjua muuaji. "Ni yule mjomba," anasema, bila hata kuinua macho. Wakili ananuna, anarudi ofisini, anabadilisha muuaji, na mimi nachapa upya. Nililalamika sana enzi hizo. Sasa natamani zirudi.

Alipofariki mama yule, Wakili hakulia. Hospitali hakulia, makaburini hakulia. Alisimama pale na suti yake ya mahakamani, mikono nyuma, kama anasubiri kesi yake iitwe. Watu wakanong'ona. Binti yao, mtoto wao wa pekee, muuguzi, alilia mpaka akashikiliwa. Walipomaliza kufukia akamgeukia baba yake, akamtazama usoni kwa muda, akaondoka zake. Hajakanyaga kwa baba yake tangu siku hiyo.

Mzee akabaki na nyumba. Ananunua mkate, unaota ukungu haujafika nusu, maana mkate mzima si wa mtu mmoja. Akaanza kushinda ofisini mpaka mlinzi anakuja kuchezesha funguo mlangoni. Kurasa zake sasa ananipa mimi nimtaje muuaji. Kila mara nakosea, naye anasema "umejitahidi" kwa sauti ambayo afadhali angenitukana. Halafu anainua simu ya mezani, anaitazama, anairudisha mahali pake. Mimi hapo najifanya napanga mafaili. Najua alitaka kumpigia nani.

Ndipo ikaja kesi ya mshonaji. Mumewe alipanda ngazi kuziba paa linalovuja, akaanguka, akafa. Ndugu wa mume wakasema kasukumwa. Nani aliona? Hakuna. Jirani mmoja alisikia kishindo, basi. Lakini kila shahidi aliyepanda kizimbani alirudia lilelile: mke hakulia. Mwanamke amefiwa, anatandika vitanda vya wageni, anauliza nani hajala, jicho kavu. Kwa hilo tu, alikuwa anakabiliwa na kifungo cha maisha.

Siku ya hoja za mwisho, mwendesha mashtaka, kijana mtanashati wa viatu vya kung'aa, akasimama na kitabu mkononi. Nilikijua kabla hajakifungua. Jalada lile nimelipangusa vumbi miaka yote.

"Mheshimiwa Jaji," akasema, "wakili msomi mwenzangu alishatujibu zamani." Akasoma: "'Machozi yanaweza kudanganya, lakini macho makavu msibani hayajawahi kudanganya. Mtafuteni asiyelia.'"

Ukumbi ukacheka. Mshonaji hakucheka. Alikuwa akimkodolea macho Wakili wake, kama mgonjwa aliyeambiwa kwamba ugonjwa ameletewa na daktari.

Wakili akasimama. Hoja zake nilikuwa nimezichapa mwenyewe, zinaanza na ngazi iliyooza. Hakuzigusa zile karatasi.

"Mheshimiwa Jaji, mwandishi wa kitabu hicho namfahamu. Alikuwa kijana, hajawahi kuzika mtu. Alitaka kufika ukurasa wa mwisho, akaokota lililokuwa karibu." Watu wakacheka tena, kidogo. Yeye akaendelea. "Mimi nimemzika mke wangu. Nilisimama pale nikayasubiri machozi, hayakuja. Nilikuwa nawaza jambo moja tu: sasa nani ataniambia ni yule mjomba? Binti yangu akaniangalia, akaona macho makavu, akaamini sikumpenda mama yake. Na mimi, ambaye kusema ndiyo kazi yangu, nimeshindwa kumwambia."

Nani angecheka tena? Jaji, mama mmoja makini sana, akaweka kalamu chini. "Wakili, huo ni ushahidi, na wewe hujaapa."

"Ni kweli, Mheshimiwa. Yafutwe."

"Yafutwe kwenye kumbukumbu."

Yakafutwa. Wakili akachukua karatasi zake, akasoma habari za ngazi kwa sauti ya mtu anayesoma bei za vitu dukani.

Siku ya hukumu mshonaji aliachiwa. Ngazi ndiyo iliyomwokoa, machozi Jaji hakuyataja kabisa. Mshonaji akamshika Wakili mkono, akaondoka na dada yake. Kisha yule mwendesha mashtaka akaja anatabasamu, na kitabu chake, anaomba kutiwa sahihi. Wakili akatia. Mimi ningemtia kofi.

Tuliporudi ofisini akakaa na joho lake begani. "Tumeshinda," akasema. Hakuniambia mimi, alikuwa anakiambia kile kiti cha wageni. Niliumia, sitaficha. Mtu unavumilia, unavumilia, mpaka roho inakataa. Nikainua simu, nikampigia binti yake palepale mbele yake. Nikamweleza yote: kitabu, kicheko, mjomba, neno kwa neno.

"Amesema hayo mbele ya watu?" akauliza.

"Mbele ya watu wote."

"Mbona mimi hajaniambia, shangazi?" Ananiita shangazi tangu hajaota meno.

"Yupo hapa. Atakwambia mwenyewe."

Wakili akaipokea kwa mikono miwili. Mtu huyu anaweza kubishana mahakamani asubuhi nzima bila kumeza mate. Akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Halafu machozi yakaanza. Hayakuwa na sauti, yalitiririka tu mpaka kwenye kola, naye bado ameibana simu sikioni, mdomo wazi.

"Baba?" nikamsikia binti. "Baba, upo?" Akasubiri. "Hata leo huna la kusema." Akakata.

Nimlaumu nani? Mtoto hakuona. Kwenye simu, macho makavu na yaliyolowa ni mamoja.

Nikamnyang'anya mzee simu, nikapiga tena. Ikaita, ikaita, nikadhani hapokei. Akapokea.

"Nisikilize mwanangu," nikasema. "Mimi pia sijaapa popote, lakini nimekaa mbele yake na namwona. Baba yako analia. Analia mpaka ameshindwa kusema."

Upande wa pili kukawa kimya. Hakuna neno, hata pumzi sikuisikia. Wakili alikuwa ananitazama, akatikisa kichwa taratibu, yaani basi, mwache mtoto wa watu. Kimya kile yeye alishajua maana yake, au alidhani anajua.

Sikukata. Nikavuta kile kiti cha wageni, nikakaa, simu sikioni, nikamsubiri.