Mikono Iliyopata Nafasi Ubelgiji

Fomu ilikuwa na visanduku vitatu, na Marcellin hakuingia katika hata kimoja. Alikuwa amesimama katika ofisi ya serikali ya Ibanda, mjini Bukavu, tangu saa mbili asubuhi, koti lake la mvua likichuruzika maji sakafuni. Cheti chake cha Léopoldville kilisema amesomea utabibu miaka sita. Kilisema pia kwamba yeye ni assistant, msaidizi wa daktari, kwa kuwa mwaka huo wa hamsini na sita Mkongo mwenye cheti hicho hakuwa na ngazi nyingine ya kupanda. Kule Kadutu alikokaa, watu walimwita docta. Hospitalini, mbele ya daktari Mbelgiji, waliacha.

Alitaka kitu kimoja tu: mwaka wa mazoezi katika hospitali ya Ubelgiji, arudi daktari kamili.

“Médecin hapana, hauko docta kamili,” alisema Philémon, karani wa dirishani. “Étudiant hapana, masomo ulishamaliza. Inabakia hii moya tu. Main-d'œuvre.”

“Ile ya batu ya kubeba makasha?”

“Papa, angalia nyuma yako. Batu beko banangoja.”

Main-d'œuvre ni nguvukazi, lakini ukilifungua neno lenyewe utakuta ni mikono ya kazi. Marcellin akatia alama hapo.

Jibu lilikuja baada ya miezi minne: mikono imekubaliwa. Jumatatu iliyofuata, saa moja asubuhi, mikono ikaweka kikombe cha chai mezani, ikajitenga naye kwenye vifundo bila tone la damu, ikatoka. Ndege ya Ulaya haikuwa ya kila siku, kwa hiyo mikono ilikwenda Ubelgiji bila ndege.

“Baba Yolande, mikono iko wapi?” aliuliza mkewe, Rosalie.

“Imeenda kazini.”

“Itarudia saa ngapi?”

“Sijue. Labda saa tisa.”

“Basi fungua kinywa,” alisema Rosalie, akamlisha mkate uliobaki.

Saa tisa ikarudi, baridi, ikinukia sabuni ambayo Bukavu haikuuzwa. Ikawa hivyo kila siku isipokuwa Jumapili. Hospitali alikofanya kazi ikamhamishia Marcellin kwenye zamu ya alasiri, na Rosalie akajifunza kumfunga vifungo vya shati huku akikoroga uji.

Asubuhi ndizo zilizomtesa. Hakuweza kukaa. Alishuka kutoka Kadutu hadi ziwani, akapanda tena, akashuka tena, mikono ya shati imekunjwa na kubanwa kwa pini. Kila siku alipita posta kuuliza kama kuna barua inayomwita yeye mwenyewe. Hatimaye alimwandikisha Rosalie barua ya kuuliza yeye mwenyewe ataitwa lini. Hospitali ya Ubelgiji ikajibu kwa adabu kwamba imeridhika sana na mikono, na kwamba sehemu nyingine za mwombaji hazikuwa zimeombwa.

Mikono ilisoma kweli. Alasiri moja ilimshona tumbo mama mmoja wa Luvungi kwa fundo ambalo Marcellin hakuwahi kuliona, naye akabaki kuchungulia kama mwanafunzi aliyechelewa darasani. Mama yule akapona haraka. Usiku ule Marcellin alimwambia mkewe kwamba anaionea wivu mikono yake mwenyewe, na Rosalie hakucheka.

Mwaka ulipokwisha, mikono ikaja na cheti. Marcellin akavaa suti ya harusi yake, akakipeleka kwa mkurugenzi wa hospitali. Mbelgiji yule alikisoma mara mbili.

“Hii ni ya mikono,” alisema kwa Kiswahili chake cha amri. “Weye iko assistant, kama zamani. Lakini mikono ni muzuri sana. Kesho itafanya kazi kwa wazungu.”

Jengo la wazungu lilikuwa upande wa pili wa bustani ya hospitali, na hakuna Mkongo aliyewahi kumgusa mgonjwa mle. Kesho yake, saa mbili, masœur Adélaïde, mtawa muuguzi, alifungua mlango wa chumba cha upasuaji. Mikono ikaingia. Marcellin akataka kuifuata, na masœur akamwonyesha ukumbi.

Ukumbini hapakuwa na kiti. Alitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, akarudi, akaenda tena. Alisikia vyuma vikigusana. Alijua kwa sauti tu kwamba wamefika mahali pagumu, akasogea hadi mlangoni, maana kama kuna mtu duniani aliyestahili kuwa mle ndani, ni yeye.

Baada ya saa mbili mlango ukafunguka. Mikono ikatoka imeoshwa, ikajirudisha penye vifundo vyake.

“Masœur, mugonjwa iko namna gani?”

“Iko muzuri.”

“Alikuwa na nini?”

Masœur Adélaïde alimtazama kwa mshangao wa kweli, bila ubaya wowote.

“Marcellin, ile ni siri ya mugonjwa na docteur wake,” alisema, akafunga mlango.