Shavu la Pili

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili tusipotezeane muda. Naogopa mbwa, naogopa sindano, naogopa kupanda ngazi kabla sijaona nani kaishika, na kuliko vyote naogopa wembe. Watu hucheka wakisikia baba mzima wa watoto anaogopa wembe, lakini hao hawana ngozi yangu. Ngozi yangu inadeka. Mara ya mwisho kwenda kwa kinyozi, alinipaka maji ya moto, akanifunika taulo la mvuke kama bwana harusi, akaninyoa mpaka nikang'aa. Kesho yake shingo ilikuwa imejaa vipele. Vipele vikawa majipu, majipu yakaleta homa, nikalala kitandani hadi dada yangu akaja kuyatumbua. Tangu siku hiyo nikaziacha ndevu ziote zitakavyo. Kazini wakaniita Beberu, nami nikaitika.

Tatizo ni kazi yenyewe. Niko kiwanda cha barafu, chumba cha mitambo, na kinachogandisha maji pale si uchawi, ni gesi ya amonia. Inazunguka ndani ya mabomba, na ikitulia humo haina neno na mtu. Ikitoka, inaunguza macho, inabana koo, na aliyeivuta ya kutosha hapumui tena. Kwa hiyo chumba kile kina sheria moja iliyo juu ya sheria zote: mmoja akiingia kugusa mabomba, mwenzake anabaki mlangoni na barakoa ya gesi mkononi, tayari kumfuata na kumtoa. Wa mlangoni haendi hata msalani.

Wa kuingia alikuwa shemeji yangu, mume wa dada. Wa mlangoni nilikuwa mimi.

Shemeji tunamwita Tingatinga, maana akianza kazi hana breki. Ni mtu wa kucheka, mwenye mikono mizito na roho nyepesi, na kidevu chake hukinyoa kila siku bila kipele hata kimoja. Nilimwonea wivu kwa hilo. Sijawahi kumwambia.

Basi, juzi juzi akaja mkaguzi wa usalama, mama mmoja mwenye sauti ndogo na msimamo mkubwa. Akatuvalisha barakoa zile za kufunika uso mzima, kisha akapitisha mbele yetu kitambaa alichokilowesha dawa yenye harufu ya ndizi mbivu. Barakoa ikishika vizuri, alisema, hutasikia kitu. Shemeji hakusikia kitu. Mimi nilizisikia ndizi kana kwamba nimekaa katikati ya mikungu.

"Ni ndevu," mama akasema. "Mpira unakalia nywele badala ya ngozi. Palipopita harufu ya ndizi, amonia nayo itapita. Alhamisi narudi. Ukiwa umenyoa, tutapima tena. Ukiwa hujanyoa, nakutoa mlangoni."

Nitolewe tu, nilijisemea. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi kicheko nimekizoea. Wanipeleke kupakia barafu kwenye malori, nife uzeeni.

Lakini Tingatinga hana siri. Jioni ile ile alimsimulia dada habari za ndizi, akidhani ni kichekesho. Dada yangu ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, mkubwa wangu, na tangu mama afariki yeye ndiye mama. Alifika kwangu akiwa bado na sare za kazini. Hakukaa.

"Muda wote huu mume wangu anaingia mle ndani akijua wewe uko nyuma yake na barakoa," akasema. "Kumbe ulishika pambo."

"Dada, si unaijua ngozi yangu. Ulinitumbua mwenyewe."

"Naijua. Na wanaopakia barafu hawajui bomba lipi linakwenda wapi. Ukitoka wewe pale mlangoni, nani atakaa?"

Jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa la mtu mbaya.

Akaagiza beseni la maji ya mtungi. Nikamwambia mke wangu ayabandike jikoni kwanza, dada akamkataza. "Hayo ya moto ndiyo yanayommaliza. Ngozi yake ikipata moto inavimba, wembe unapita juu ya uvimbe, unakata nywele chini kuliko inavyotakiwa. Ikianza kuota tena inachimba pembeni, hapo ndipo jipu. Baridi inaikaza, inatulia." Akanipaka sabuni chini ya taya, sehemu ndogo kama sarafu, akashika kiwembe chepesi kipya. Nilikuwa nikitetemeka mpaka kiti kikagonga ukuta.

"Tulia, sikuchinji," akasema. "Angalia. Usikandamize. Usivute ngozi. Fuata ndevu zinakoelekea, usipande nazo juu. Kila ukipitisha mara moja, suuza wembe. Na usikimbilie kung'aa, hakuna anayekuoa."

Asubuhi nikapapasa chini ya taya kwa hofu, nikitafuta kipele. Hakikuwepo. Ungedhani nilifurahi. Moyo ulizama, kwa sababu kisingizio changu kilikuwa kimekufa, na mimi nilikuwa bado naogopa vile vile.

Nikaahirisha. Leo nimechoka, kesho kuna wageni, mwisho Alhamisi ikanikuta naingia kazini na ndevu zangu zote, ila kale kapengo chini ya taya kama nimetafunwa na panya. Shemeji aliponiona alicheka akajishika kiuno.

"Wanasema mwenzako akinyolewa, zako tia maji," akasema. "Mimi nimenyolewa hadi nimeoa, wewe bado unatia maji tu. Nenda kanyoe, shemeji. Mama wa ndizi anakuja sasa hivi."

"Na wewe?"

"Sifungui kitu mpaka urudi."

Alisema hivyo. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Nikachukua beseni, nikachota maji na vipande vya barafu, nikaenda bafu la wafanyakazi, upande wa pili wa uwanja. Nikazipunguza ndevu kwa mkasi. Nikajimwagia yale maji usoni, na baridi yake ikanipanda mpaka kwenye meno. Nikapaka sabuni, nikaanza shavu la kushoto. Usikandamize. Fuata zinakoelekea. Suuza. Kila nilipoweka wembe nilingojea ule moto ninaoujua, na moto haukuja. Shavu likatoka jeusi, laini, limetulia kama la mtoto. Nikalitazama kwenye kioo na kwa mara ya kwanza tangu ubalehe nikashika wembe bila kuuogopa. Nikaanza hata kuimba.

Ndipo king'ora kikalia.

Nilitoka na povu usoni. Wapakiaji walikuwa wanakimbilia getini, mashati yamewafunika pua. Ile harufu ikanifikia, kali, ya kupasua kichwa. Nikamtafuta shemeji katika wale waliokuwa wanakimbia. Yeye ni mrefu, huonekana. Sikumwona. Nikafika mlango wa mitambo, nikabonyeza kitufe chekundu cha kuzima kila kitu, nikachungulia kwenye kioo cha mlango. Ndani kulikuwa na weupe mtupu. Na pale ukutani, kwenye misumari miwili, zilining'inia barakoa mbili. Yake na yangu.

Aliingia bila barakoa. Aliingia bila mtu mlangoni.

Nilishika ukuta. Kisha nikaitwaa barakoa yangu, nikaivaa juu ya povu, nikaziba chujio la hewa kwa kiganja na kuvuta pumzi kama tulivyofundishwa. Ikishika, inakunyonya uso. Upande wa kushoto ilininyonya. Upande wa kulia nikasikia kaupepo kanapita karibu na sikio, na jicho la upande huo likaanza kuwaka pale pale, nje ya mlango.

Nilielewa kila kitu mara moja, na sitaki kuelewa kitu namna ile tena. Nikiingia hivi, nitafika katikati na kuanguka, na hakuna wa tatu. Dada atapokea maiti mbili, mume na ndugu. Nisipoingia, atapokea moja. Njia ya tatu ilikuwa kule bafuni kwenye beseni.

Nikageuka, nikakimbia kurudi kwenye kioo.

"Beberu!" mpakiaji mmoja akanipigia kelele kutoka getini. "Mwenzako anakufa, wewe unajipodoa?"

Nilifika, nikashika wembe, na mkono ukakataa. Ulikuwa unaruka kama kuku aliyechinjwa. Kila kitu ndani yangu kilikuwa kinasema fanya haraka, paruza, kimbia. Na nilijua nikiparuza kwa mkono ule nitaacha visiki, na visiki ni vile vile na ndevu. Nikaizamisha mikono yote miwili kwenye barafu mpaka ikafa ganzi. Nikaitoa. Ilikuwa imetulia, kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Nikanyoa. Usikandamize. Akilini nilimwona shemeji amelala. Fuata zinakoelekea. Nilimwona amefumbua macho. Suuza. Nilisuuza! Mume wa dada yangu yuko kwenye gesi na mimi nasuuza wembe, natikisa maji, naurudisha taratibu shavuni kama mtu anayejiandaa kwenda harusini. Machozi yalikuwa yananitoka na yakawa yanaharibu povu. Nilipofika pembe ya taya, palipo pagumu, niliomba Mungu kwa sauti. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa ule utaratibu wangu.

Nikafuta uso, nikavaa, nikaziba chujio. Ikaninyonya pande zote mbili.

Niliingia kwa kutambaa, maana gesi hupanda na hewa hubaki chini. Nilikuwa sioni mkono wangu, lakini mabomba nayajua. Nilifuata lile la maji linalodondosha siku zote, lile ambalo kila wiki tunasema tutalitengeneza. Nikamgusa buti. Alikuwa amelala kifudifudi mferejini, uso kwenye maji yale yanayodondoka, shati lililolowa kalibana mdomoni. Maji huimeza amonia, na yeye alilikumbuka hilo akiwa tayari haoni. Nikamshika mkanda na kumburuta. Ni mzito. Nilimtukana kwa uzito wake njia nzima, ndani ya barakoa, mpaka nikaona mwanga wa mlango.

Alikuwa anahema.

Hospitali walimfunga macho bandeji. Daktari akasema moja ataona vizuri, la pili tusubiri. Sauti yake ilikuwa imebaki mkwaruzo. Aliniambia valvu, ile koki ya bomba, ilikuwa inavuja kidogo, akasema aikaze tu mara moja, kabla sijarudi. "Ilikuwa ya dakika moja, shemeji," akasema. Nilitaka kumpiga kofi na kumbusu, nikashindwa kuchagua.

Dada alinikuta kwenye korido. Ile ndiyo hospitali anayofanyia kazi. Alikuwa amemsafisha mumewe kwa mikono yake, bila kutoa chozi, kama anavyowasafisha wa watu.

"Gesi ilipotoka, ulikuwa wapi?"

"Bafuni. Nilikuwa nanyoa."

"Halafu ukaingia."

Ningeweza kusema ndiyo. Wapakiaji walishaanza kusema niliingia kama simba, ukimtoa yule aliyenipigia kelele, na yeye angesema yake siku moja. Kule kwenye gesi niliogopa, lakini hofu ile ilikuwa ndogo kuliko hii ya kumtazama dada machoni.

"Hapana. Nilikuwa nimemaliza shavu moja. Barakoa ikakataa kushika. Nikarudi kumalizia la pili."

Watu walipita na vitanda vya magurudumu, tukawapisha, tukasimama tena vile vile. Kisha akanyoosha mkono, akanishika shavu la kulia. Akalipapasa polepole kwa ncha za vidole, kutoka sikioni hadi kidevuni, halafu akarudi kinyume, kama anavyofanya kwa mgonjwa anayekwenda kupasuliwa. Alitafuta kisiki, mkwaruzo, mahali nilipokimbilia. Hakupata.

"Hukukandamiza," akasema.

"Sikukandamiza."

"Ulisuuza?"

"Kila mara, dada."

Akasogea, akaegemeza paji la uso kwenye shavu lile la pili, akalia. Nilisimama nikamshika, nikamwacha alie mpaka amalize.