Kinyundo cha Povu

Nilipoanza kazi katika kiwanda cha bia, vizibo tulivibana kwa mashine ya kukanyaga kwa mguu, kimoja kimoja. Baadaye ikaletwa mashine inayojiendesha. Ilikuwa na kinyundo cha mpira kilichogonga kila chupa ikishajazwa. Bia ikigongwa hutoa povu, povu hupanda mpaka mdomoni na kufukuza hewa inayoharibu ladha, na papo hapo kizibo hushuka. Hayo niliyasoma mwenyewe katika kitabu nilichoazima shule ya jioni. Bia yenyewe sijaionja maishani mwangu.

Fundi mitambo alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Siku moja akaking'oa kile kinyundo. Alimweleza meneja kwamba povu linalomwagika ni bia inayomwagika, na kila zamu tunaimwaga sakafuni kreti nzima. Meneja akafurahi. Mimi, msimamizi wa ujazaji, nikapinga mbele ya wote.

"Shemeji," akasema, "wewe usiyekunywa ndiye wa kutufundisha bia?"

Watu walicheka mpaka mkaguzi akasahau kutazama chupa zake. Meneja akakata shauri: kreti moja iliyogongwa kabla kinyundo hakijang'olewa na moja isiyogongwa zifungiwe stoo yenye joto kwa wiki sita, kisha zionjwe. Nikishindwa, usimamizi aupate shemeji, mimi nishushwe nikaoshe chupa.

Wiki hizo nyumbani hapakukalika. Mke wangu alikataa kuchukua upande. Alisema amezungukwa na vichwa vigumu viwili. Nilikisoma kitabu upya, nikitafuta kama kuna mahali nilielewa vibaya. Maneno niliyajua. Ladha sikuijua.

Siku ilipofika, meneja alimimina glasi mbili bila kusema ipi ni ipi, akampa shemeji, maana hakuna aliyeijua bia yetu kumzidi. Alikunywa ya kwanza, akaitikia kwa kichwa. Ya pili aliishika mdomoni kidogo, kisha akaitema kwenye ndoo.

"Hii ni kama kutafuna boksi lililolowa," akasema.

Meneja akainua chupa ya ile glasi ya pili, akaonyesha alama ya chaki aliyoitia chini. Ilikuwa ile isiyogongwa.

Shemeji akanitazama. "Kumbe kitabu nacho kinakunywa."

Nikamwambia akakirudishe kinyundo. Akakuna kisogo. Springi yake alikwisha kuifunga kwenye mlango wa banda lake la kuku, na kinyundo chenyewe hakukumbuka alikitupa wapi.

Kipuri kilichukua mwezi mzima kufika. Mashine tukaipunguza mwendo, nami nikakaa kwenye stuli ndefu na mpini wa ufagio uliofungwa mpira, nikigonga chupa moja moja. Kila baada ya saa shemeji alinipokea mpini bila kuambiwa. Hakuna hata chupa moja iliyotupita.